Siku Nzima ya Redio Wakati wa Vita: Uingereza, 1940 hadi 1943

Mawimbi Mafupi (mleta uzi)

Wanajamvi, nawasalimu. Niliahidi zamani kuandika kuhusu redio ya Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, na leo nalipa deni hilo kwa njia moja tu: nitaifuata ratiba ya siku ya kazi, tangu chai ya asubuhi hadi kengele ya saa tatu usiku, nikiuliza kila kipindi kilikuwa kinamtafuta nani ndani ya nyumba. Siku yenyewe si tarehe moja. Nimeiunganisha kutokana na vipindi vilivyosikika kati ya 1940 na 1943, na saa nazitaja kwa hesabu yetu ya Kiswahili, ili asije mtu akadhani Waingereza walikunywa chai usiku wa manane.

Nianze kwa kusema ninachokiamini. Ratiba ile ilisifiwa kuwa ya familia nzima, na picha tunazoonyeshwa mpaka leo ni zilezile: baba na kiko chake, mama anafuma sweta, watoto wamekaa kwenye zulia wakiikodolea macho redio kubwa ya mbao. Familia ya namna hiyo, katika miaka ile, ilikuwa imetawanyika. Katika siku chache za mwanzo wa Septemba 1939 watu wapatao milioni moja na nusu, wengi wao wakiwa watoto wa shule, walihamishwa kutoka miji mikubwa wakapelekwa vijijini kwa kuhofia mabomu. Baba au kaka alikuwa kambini. Mama naye, kadiri vita vilivyoendelea, aliingia kiwandani. Walichobaki nacho kwa pamoja ni saa ya ukutani, kwa maana kila mmoja alijua kwamba dakika hiyohiyo mwenzake, popote alipo, anaisikia sauti hiyohiyo. Redio ya familia nzima ilikuwa redio ya familia isiyokaa chumba kimoja, na vipindi vyake havieleweki vizuri mtu akilisahau hilo.

BBC yenyewe haikulijua jambo hili tangu mwanzo. Tarehe 1 Septemba 1939 ilizima televisheni yake changa, iliyokuwa ikitazamwa London na viunga vyake tu, na ikaziunganisha idhaa zake za ndani zikawa moja, iliyoitwa Home Service. Sababu ilikuwa ya kijeshi: rubani wa adui angeweza kuufuata mtambo wa redio kama nahodha anavyoufuata mnara wa taa, kwa hiyo mitambo iliwekwa irushe matangazo yaleyale kwa pamoja, katika mawimbi ya urefu wa mita 391 na 449, ili aliye angani asitambue sauti inatoka upande gani. Siku mbili baadaye, Jumapili saa tano na robo asubuhi, Waziri Mkuu Neville Chamberlain akatangaza kwamba nchi iko vitani. Kila mtu alitazamia miji iteketee jioni hiyo. Haikuteketea. Watu waliofungiwa ndani kwa amri ya giza, sinema zikiwa zimefungwa na taa za barabarani zimezimwa, wakapewa taarifa ya habari, maagizo ya serikali, taarifa tena, na katikati yake kinanda cha Sandy MacPherson, Mkanada aliyepiga saa baada ya saa wakati wasanii wenzake walikuwa wakihamishwa kutoka London.

Waliochoka wakazungusha kitufe. Wakampata William Joyce akitangaza kutoka Hamburg kwa Kiingereza chenye kejeli, yule ambaye magazeti yalimpachika jina la Lord Haw-Haw, na wakamsikiliza kwa sababu alichekesha. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililoifundisha BBC zaidi ya waraka wowote wa wizara: msikilizaji aliyechoshwa huhamia kwa adui, na humpata kwa kugeuza kitufe tu.

Fundi Mitambo

Ndugu mleta uzi, kabla hujaenda mbali, niongeze jambo la chombo chenyewe, kwa sababu vijana wa siku hizi hudhani kila nyumba ilikuwa na umeme.

Leseni za redio Uingereza zilikaribia milioni tisa vita vilipoanza, na kila leseni ilikuwa shilingi kumi kwa mwaka. Lakini nyumba nyingi za vijijini, na hata baadhi za mjini, zilitumia betri ya maji, yaani ya risasi na asidi, ndani ya chupa nene ya kioo. Betri hiyo ilibebwa mpaka dukani au gereji kuchajiwa, kwa kawaida kila wiki, na mtoto aliyetumwa kuipeleka alionywa asiimwage asidi kwenye nguo. Kwa hiyo mtu hakuiacha redio ingurume bure kutwa nzima. Alichagua. Kipindi kilichosikilizwa katika nyumba ya betri kilikuwa kimeshinda vingine.

Jambo la pili linahusu mpango huo wa mawimbi mawili. Ndege za adui zilipokaribia eneo fulani, mtambo wa eneo hilo ulizimwa, na wasikilizaji wa hapo wakabaki na sauti hafifu iliyotoka mitambo ya mbali. Watu walijifunza kusoma dalili. Muziki ukififia ghafla, wengine walianza kutafuta viatu hata kabla ya king'ora kulia.

Mawimbi Mafupi (mleta uzi)

Ahsante, Fundi. Hilo la kuchagua ni muhimu, nitalirudia.

Sasa asubuhi. Saa mbili kasoro dakika tano kulikuwa na maneno mafupi ya dini, kisha taarifa ya habari ya saa mbili, na saa mbili na robo, watu wakiwa bado mezani, kikaja kipindi cha dakika tano kilichoitwa The Kitchen Front, yaani jikoni kama uwanja wa vita. Kilianza Juni 1940, BBC ikishirikiana na Wizara ya Chakula chini ya Lord Woolton. Mgawo wa chakula ulikuwa umeanza tarehe 8 Januari mwaka huo kwa siagi, sukari na nyama ya nguruwe, na chai ikafuata mwezi Julai. Ngano ililetwa kwa meli, na meli ziliwindwa na nyambizi za Ujerumani. Viazi na karoti vilitoka shamba la nyumbani. Ukilishika hilo, mapishi yote ya kipindi kile yanaeleweka: yalikuwa njia ya kumpunguzia baharia safari. Kila kiazi kilicholiwa badala ya mkate kilipunguza, hata kama ni kwa punje, shehena ya kuvushwa bahari ya Atlantiki.

Lakini serikali ikisimama jikoni mwa mtu kila siku na kumwambia ale karoti, huchokwa upesi. Waandaaji wakatafuta sauti ambazo watu walikuwa wanazipenda tayari. Wakawaleta Elsie na Doris Waters, ndugu wawili wa damu waliochekesha kwa majina ya Gert na Daisy, wanawake wa mitaa ya kawaida ya London wanaoteta juu ya waume zao huku wakieleza namna ya kupika kichwa cha kondoo au kubana mafuta. Akaletwa pia daktari ambaye hakutajwa jina, kwa desturi ya madaktari ya kutojitangaza, akijulikana kama Daktari wa Redio. Sauti yake ilikuwa nzito kama ya mtu aliyetoka kuamka, na alizungumza habari za tumbo, choo na gesi wakati watu wanakunywa uji, jambo ambalo BBC ya kabla ya vita isingelivumilia hata kidogo. Plamu zilizokaushwa aliziita wafanyakazi wenye makoti meusi. Jina lake ni Charles Hill, na mwaka 1967 aliteuliwa kuwa mwenyekiti wa BBC yenyewe.

Bi Mkubwa wa Pangani

Mwanangu, umeandika vizuri, ila nina neno kama mwanamke aliyelea watoto sita. Ni mama gani mwenye nafasi ya kukaa saa mbili na robo asubuhi kusikiliza mapishi? Saa hiyo mtoto mmoja anatafuta kiatu, mwingine analia, na moto umezimika. Tena unasema wanawake walikwenda viwandani. Basi saa hiyo walikuwa wamekwishatoka nyumbani! Mimi naona kipindi hicho kilimwazia mwanamke wa kwenye picha, huyohuyo wa kufuma sweta uliyemkana mwanzoni mwa uzi.

Mawimbi Mafupi (mleta uzi)

Shikamoo Bi Mkubwa. Umenishika pabaya, na nakiri kwamba nilikuwa nimelipita jambo hilo bila kuliona.

Ni kweli. Mwanzoni mwa 1941 wanawake walianza kuandikishwa ili wapangiwe kazi za vita, na Desemba mwaka huo sheria ikaruhusu kuwaita kwa lazima wale wasioolewa wenye umri kati ya miaka 20 na 30. Kwa hiyo ratiba ya asubuhi iliendelea kumwazia mama aliye nyumbani wakati wengi wakiwa tayari ndani ya basi la kiwanda. Waliosikia The Kitchen Front mara nyingi walikuwa bibi, mama mwenye mtoto mchanga, au yule mwenye nyumba kijijini aliyeletewa watoto watatu wa watu wengine awalishe kwa mgawo wao mdogo.

Hata hivyo ratiba haikumwacha yule aliyetoka. Ilimpokea saa nne na nusu.

Music While You Work, yaani muziki wa kusindikiza kazi, ulianza tarehe 23 Juni 1940, nusu saa asubuhi saa nne na nusu na nusu saa nyingine saa tisa alasiri; mwaka 1942 ikaongezwa ya usiku kwa ajili ya zamu ya usiku. Saa hizo hazikuchaguliwa kwa bahati. Ni nyakati ambazo mikono ya mfanyakazi wa kiwandani huanza kuchoka na macho kutangatanga. Spika zilifungwa juu ya mashine, na muziki ukapangwa kama unavyopanga dawa. Sauti haikutakiwa kupanda na kushuka, kwa maana sehemu ya chini ingemezwa na kelele za mashine na sehemu ya juu ingeumiza masikio. Nyimbo za kulegea ziliondolewa kwa sababu zililegeza kazi, na ngoma nzito zikaepukwa kwa sababu zilifanana na milio ya bunduki. Wimbo mmoja wa Kimarekani wenye makofi manne katikati ulipigwa marufuku kabisa, kwa kuwa wafanyakazi waliacha kila kitu ili kuyapiga makofi hayo, au wakayapiga kwa nyundo na spana juu ya chuma walichokuwa wakikitengeneza. Kwangu mimi hiki ndicho kisa kitamu kuliko vyote vya siku hii. Serikali imetafuta muziki wa kuongeza kasi ya kazi, ikapata wimbo unaopendwa mno, ikalazimika kuufukuza.

Mchana, Workers' Playtime. Tangu Mei 1941, mara tatu kwa wiki wakati wa chakula, wachekeshaji na waimbaji walisafiri na piano mpaka kantini ya kiwanda, na mtangazaji akasema tu kwamba wako kiwandani mahali fulani nchini. Jina la mji halikutajwa, kwani lingekuwa anwani ya bomu. Ernest Bevin, Waziri wa Kazi aliyetokea vyama vya wafanyakazi, alikiunga mkono kwa nguvu. Na hapa ndipo familia iliyotawanyika inapoonekana waziwazi: bibi aliyebaki nyumbani alisikia kicheko cha kantini nzima, akajua kwamba kicheko cha binti yake huenda kimo humo, ingawa hakuambiwa ni kantini ipi.

Mwanagenzi

Mleta uzi, na watoto je? Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na ndilo nililolisubiri tangu nilipoanza kusoma.

Mawimbi Mafupi (mleta uzi)

Watoto walikuwa na sehemu mbili, mwalimu. Matangazo ya shule yaliendelea wakati wote wa vita, na yalisaidia hasa kule vijijini ambako shule mbili zilibanana katika jengo moja kwa zamu. Sitakaa hapo, kwa sababu uhondo wenyewe ulikuwa jioni, mnamo saa kumi na moja na kitu, kwenye Children's Hour. Kiliitwa saa ya watoto, ingawa vita vilikipunguza muda wake.

Aliyekiongoza ni Derek McCulloch, ambaye watoto walimwita Mjomba Mac. Alikuwa amepoteza jicho katika vita vya kwanza, kule Somme, na mguu katika ajali ya basi mwaka 1938. Watoto hawakuona lolote kati ya hayo, walisikia sauti tu. Humo mlikuwa na matembezi ya Romany, mhubiri aliyejifanya anatembea porini na mbwa wake Raq, akiwaonyesha watoto wawili kiota hapa, nyayo za mbweha pale. Watoto wa mijini, waliopelekwa vijijini bila kumjua ng'ombe kwa karibu, walijifunza mengi kutoka kwake. Pori lote hilo lilitengenezwa studioni Manchester, majani na maji yakiwa kazi ya mafundi wa sauti, na wasikilizaji wengi waliamini kabisa kwamba wako matembezini.

Tarehe 13 Oktoba 1940, wakati London ilikuwa ikipigwa mabomu kila usiku, Binti Mfalme Elizabeth, mwenye umri wa miaka 14, alizungumza katika kipindi hicho na watoto waliotenganishwa na wazazi wao, wakiwamo waliovushwa ng'ambo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutangaza. Mwishoni akamwita mdogo wake Margaret waage pamoja. Kisiasa maneno yale yalikusudiwa pia masikio ya Wamarekani, ambao walikuwa bado hawajaingia vitani, na sioni sababu ya kulificha hilo. Lakini mtoto aliyelala katika kitanda cha watu wengine hakuwaza siasa.

Mjomba Mac alifunga kwa maneno yaleyale kila mara: usiku mwema, watoto, popote mlipo. Baada ya kusema watoto alinyamaza kidogo, kisha akamalizia. Nimeisikiliza rekodi hiyo mara nyingi. Yule mama aliyekuwa London, akisikiliza kipindi cha watoto katika nyumba isiyo na mtoto, naamini alikisikiliza kwa ajili ya mnyamazo ule.

Kibatari

Mkuu, hapa umenigusa. Lakini nina swali la ubishi. Unasema familia iliunganishwa na saa. Je, askari aliyekuwa kambini alisikiliza Home Service hiyohiyo ya mapishi na Mjomba Mac? Sidhani.

Mawimbi Mafupi (mleta uzi)

Hukukosea kushuku, Kibatari, na jibu lake ndilo kitovu cha uzi huu.

Askari walipewa idhaa yao. Ilianza Januari 1940 kwa ajili ya jeshi la Uingereza lililokuwa Ufaransa, ikaitwa Forces Programme. Waliotumwa kuchunguza waligundua kwamba askari hawasikilizi redio kama mtu aliye sebuleni. Wanaisikiliza wakiwa kundi, kantini, katikati ya moshi wa sigara, karata na kelele, kwa hiyo hotuba ya nusu saa hupotea hewani. Idhaa ikajazwa muziki wa dansi, mizaha, michezo na vipindi vifupi.

Kilichofuata hakikuwa kimekusudiwa. Raia wa nyumbani waliihamia idhaa hiyo kwa wingi, mpaka ikawapita wasikilizaji wa Home Service. Sababu moja ni wazi: ilikuwa nyepesi, na watu walikuwa wamechoka. Lakini sababu ya pili, ambayo naipa uzito zaidi, ni kwamba mke alitaka kusikia kile anachosikia mumewe. Hapo urudi kwenye ile betri ya Fundi Mitambo. Aliyekuwa na chaji ya saa chache tu kwa wiki, akaamua kuitumia kwenye idhaa ya askari, hakuwa akitafuta burudani peke yake.

Novemba 1941 idhaa hiyo ilimpa mwimbaji Vera Lynn nusu saa ya Jumapili usiku, baada ya taarifa ya habari. Kipindi kilitungwa kama barua kwa walio jeshini. Aliimba, akasoma salamu, na alikwenda hospitalini kuwaona wake waliojifungua ili awatangazie waume zao kwamba mtoto amezaliwa na mama ni mzima. Baadhi ya wakubwa wa jeshini na wa BBC walichukia. Waliona nyimbo za kutamani nyumbani zitawalegeza askari, na mwaka 1942 BBC ikaweka masharti makali dhidi ya uimbaji wa kulialia. Kamati zile zilidhani askari hulegea kwa kumkumbuka mkewe. Sijui walidhani alikuwa anapigania nini.

Katika idhaa hiyo pia Januari 1942 kilizaliwa kipindi ambacho bado kipo hadi leo, cha kumwuliza mgeni angechukua sahani zipi za santuri akitupwa peke yake kisiwani.

Fundi Mitambo

Na ITMA? Huwezi kufunga jioni bila ITMA.

Mawimbi Mafupi (mleta uzi)

Naikwepa kwa sababu haitafsiriki, Fundi, lakini nitajaribu.

ITMA, kifupi cha It's That Man Again, yaani ni yule mtu tena, kilikuwa kipindi cha vichekesho; ilianza Julai 1939, ikaongozwa na Tommy Handley, mtu wa Liverpool, kwa maandishi ya Ted Kavanagh, na ikazoeleka Alhamisi saa mbili na nusu usiku. Mlango unafunguka, mtu anaingia, anasema msemo wake mmoja, anatoka, mlango unafungwa. Kulikuwa na mfagiaji Bibi Mopp mwenye ndoo, jasusi Funf ambaye sauti yake ilitolewa kwa kusemea ndani ya glasi, na kanali mlevi aliyesikia kila neno kama amekaribishwa kinywaji. Kasi ilikuwa ya kutisha, kichekesho baada ya kichekesho bila kupumua. Ninachokiona mimi ni kwamba misemo ile ilikuwa mali inayobebeka. Mtoto aliitumia shuleni kijijini, mama akaitumia kiwandani, baba kambini, na walipokutana likizo ya siku mbili walikuwa na lugha moja. Wizara nazo zilidhihakiwa humo kila wiki, na serikali ikavumilia, jambo ambalo redio ya Ujerumani ya wakati ule isingeliruhusu. Mfalme mwenyewe aliipenda. Mwaka 1942 waliigiza katika kasri la Windsor mbele ya familia yake.

Jumapili kulikuwa na kitu cha kinyume kabisa, The Brains Trust, kilichoanza Januari 1941: wasomi watatu wa kudumu na wageni wakijibu maswali ya wasikilizaji bila kujiandaa. Mwanafalsafa C. E. M. Joad alianza karibu kila jibu kwa kusema itategemea una maana gani ukisema neno fulani. Mwanabiolojia Julian Huxley, ambaye baadhi yenu mtakumbuka kwamba mwaka 1929 alizunguka Afrika Mashariki kuangalia ufundishaji wa sayansi, alibishana naye, na Kamanda Campbell akaleta visa vya baharini vya kutiliwa shaka. Swali lililowatoa jasho zaidi lilikuwa namna nzi anavyotua darini miguu ikiwa juu. Watu waliotarajiwa kukimbia mazungumzo ya kisomi wakakaa kuyasikiliza kwa mamilioni.

Bi Mkubwa wa Pangani

Marahaba mwanangu, salamu yako ya pale juu niliiona. Sasa tumalizie saa tatu, maana nimekuwa nikiingoja hiyo kengele yako.

Mawimbi Mafupi (mleta uzi)

Naam. Saa tatu usiku ndiyo saa ambayo nyumba zote zilinyamaza. Tangu tarehe 10 Novemba 1940 kengele ya Big Ben, ile ya saa kubwa ya Bunge la London, iliachwa ipige milio yote ya saa tatu hewani kabla ya taarifa ya habari, na dakika hiyo ikawa ya kuomba au kuwaza walio mbali. Hakuna kilichosemwa. Ni dakika tupu, nami naihesabu kuwa kipindi kilichotungwa vizuri kuliko vyote.

Kisha msomaji akajitaja jina, kwa mfano kwamba anayesoma ni Alvar Lidell. Kabla ya vita hawakujitaja. Ilianza 1940, ilipohofiwa kwamba Wajerumani wakivamia wanaweza kuteka mtambo na kutoa amri za uongo, hivyo wananchi walitakiwa wazizoee sauti kwa majina. Tarehe 15 Oktoba 1940 Bruce Belfrage alikuwa akisoma taarifa hiyo wakati bomu lililoingia ndani ya jengo la BBC London lilipolipuka na kuwaua wafanyakazi saba. Rekodi ina mshindo mzito wa mbali, mnyamazo mfupi, mtu ananong'ona, na Belfrage, vumbi la dari likiwa limemmwagikia, anaendelea na sentensi.

Novemba 1941 wakamleta Wilfred Pickles, mwana wa Halifax, akasoma kwa lafudhi ya Yorkshire na kuwaaga watu wa kaskazini kwa matamshi yao ya nyumbani. Barua za malalamiko zikamiminika, nyingine kutoka kwa watu wa kaskazini wenyewe, wakisema habari zinazosomwa hivyo haziaminiki.

Bi Mkubwa wa Pangani

Hilo nalielewa bila kuelezwa. Waza taarifa ya habari ya Dar es Salaam ifungwe kwa Kimtang'ata. Sisi wa Pangani ndio tungekuwa wa kwanza kuandika barua.

Kibatari

Mkuu, neno la mwisho kutoka kwangu. Babu yangu alikuwa KAR, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la huku kwetu, akapigana Burma. Bibi alisema kwa miaka miwili hakusikia lolote ila barua mbili zilizosomwa na karani wa misheni. Hizo familia zilizotawanyika zilikuwa na huku kwetu pia.

Mawimbi Mafupi (mleta uzi)

Zilikuwako, ndugu yangu, na zilikuwa zimetawanyika mbali kuliko familia ya London na mtoto wake aliye kijijini. Nairobi ilikuwa na kituo cha redio tangu 1928, lakini kilitengenezwa kwa ajili ya masikio ya walowezi. Ni vita hivi ndivyo vilivyoleta matangazo ya Kiswahili kutoka Nairobi, kwa kuwa serikali ya kikoloni ilihitaji kusema na jamaa za askari. Waliokuwa na redio ni wachache mno. Watu wa visiwa vya Karibi walipata mapema zaidi kipindi cha kutuma salamu nyumbani kutoka London, na mwandishi wa Jamaika Una Marson akakikuza. Mwaka 1944 Vera Lynn alisafiri mwenyewe hadi Burma kuwaimbia askari, mwaka uleule ambao Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipambana katika matope na mvua za bonde la Kabaw. Bibi yako, Kibatari, hakuwa na nusu saa yake ya Jumapili.

Mwanagenzi

Swali dogo la mwisho. Katika siku yote hiyo sijasikia utabiri wa hali ya hewa. Umeusahau?

Mawimbi Mafupi (mleta uzi)

Sikuusahau, mwalimu, haukuwako. Ulikatwa vita vilipoanza, kwa kuwa hali ya hewa husafiri kutoka Atlantiki kwenda mashariki, na kumwambia mkulima wa Wales kwamba mawingu yanakuja ni kumwambia rubani wa Ujerumani pia. Hata mtangazaji wa mpira hakuruhusiwa kusema kwamba uwanja una ukungu au mvua. Wachezaji waliteleza na msikilizaji akabaki kukisia ni kwa nini. Ulirudi Mei 1945, vita vya Ulaya vilipokwisha. Watu walikaa tena mezani, baadhi wakiwa na watoto ambao hawakuwa wamewaona kwa miaka, wakaambiwa kama kesho kutanyesha.